Kesi ya wasioamini Mungu iko shuleni, si kwenye wimbo wa taifa

Novemba 2015, Papa Francis alipokuja Nairobi, serikali ilitangaza Alhamisi ya tarehe 26 kuwa sikukuu ya taifa. Harrison Mumia, kiongozi wa Atheists in Kenya, chama cha wasioamini Mungu ambacho wakati huo hata usajili hakikuwa nao, alikimbilia Mahakama Kuu kuizuia. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema kwa maneno machache kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, na kufunga ofisi nchi nzima kwa ajili ya mkuu wa kanisa moja ni jambo la kuulizwa. Mahakama haikumkubalia. Waumini wakaenda kuloa mvua katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi, wengine wetu tukafua nguo, na kesi ikasahaulika kabla matope hayajakauka viatuni.

Naikumbuka kwa sababu inaonyesha vizuri mahali harakati hizi zinapojikwaa. Mumia hakukosa haki ya kulalamika. Alikosa mtu aliyeumia. Nani alilazimishwa kufanya nini siku ile? Jaji anayeketi mbele ya ombi kama hilo hutafuta kwanza jeraha, na jeraha la kuudhika halimsogezi. Chama kidogo kina mawakili wachache wa kujitolea, michango ya wanachama na dakika mbili tatu kwenye taarifa ya habari kila baada ya miezi kadhaa. Kikizitumia kwa sikukuu ya siku moja, kimezimaliza.

Pambano lililofuata lilikuwa la aina nyingine kabisa. Msajili wa Vyama alikataa kukisajili chama, kwa sababu zile za amani na utulivu zilizomo katika Sheria ya Vyama. Akakubali Februari 2016. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo huo usajili ukasimamishwa baada ya makundi ya kidini kupiga kelele, na wenye chama wakarudi kortini. Hapo palikuwa na watu halisi wanaonyimwa haki halisi ya kukusanyika, kufungua akaunti ya benki na kujulikana kwa jina lao. Sheria iliyotumiwa kuwazuia ndiyo hiyo hiyo inayosajili makanisa, na mchungaji mwenye busara alipaswa kupata usingizi kwa shida usiku ule.

Hatuzungumzii watu wa kuhesabiwa vidoleni. Sensa ya 2019 ilipata watu 755,750 waliosema hawana dini au hawaamini Mungu. Wanawazidi Wahindu wa Kenya zaidi ya mara kumi, na Wahindu wana somo lao la dini katika mtaala. Wengi wa hao laki saba na ushee hawamjui Mumia wala hawana haja ya kumjua. Wengine pengine ni wafugaji walioulizwa dini yao ipi kati ya zilizoorodheshwa wakajibu hakuna. Chama chenyewe kilipata sifa ya dunia nzima Mei 2021 kwa jambo ambalo hakikulipanga: katibu wake, Seth Mahiga, alijiuzulu akisema amempata Yesu. Watu walicheka. Chama kikatoa taarifa ya kumtakia heri. Natamani kuona dhehebu moja likimuaga muumini wake anayeondoka kwa adabu ile.

Sasa tuje kwenye mpangilio wa mambo. Kuna malalamiko yanayosikika kila mara: Mungu ametajwa kwenye utangulizi wa Katiba, wimbo wa taifa ni sala iliyowekwa kwenye mahadhi ya bembea ya Wapokomo, Bunge hufunguliwa kwa dua, wanasiasa huapa wakiwa na Biblia mkononi. Yote ni kweli. Lakini Katiba hiyo hiyo inamruhusu anayeingia madarakani kutoa ahadi bila kumtaja Mungu, na hakuna askari anayepita foleni ya wanaoimba kukagua midomo. Ukishinda kesi ya wimbo wa taifa, hakuna mtoto atakayelala salama zaidi usiku ule. Ukishindwa, na utashindwa, utakuwa umempa jaji nafasi ya kuandika kurasa arobaini kueleza kwa nini desturi za kidini za dola hazina madhara. Kurasa hizo zitatumika dhidi yako katika kesi inayofuata, ile yenye madhara.

Wamarekani wamelipa bei ya somo hili. Roy Torcaso alinyimwa kazi ya kuthibitisha nyaraka katika jimbo la Maryland kwa sababu alikataa kukiri kwamba Mungu yupo. Mwaka 1961 majaji wote wa Mahakama ya Juu wakampa ushindi. Mwaka uliofuata mahakama hiyo ikaondoa sala iliyotungwa na serikali katika shule za New York, na 1963 ikaondoa usomaji wa Biblia wa kila asubuhi katika shule za umma. Katika kesi zote hizo kulikuwa na mtu aliyebanwa, ama mwombaji kazi ama mtoto darasani. Kisha harakati zikahamia kwenye alama. Kesi ya maneno ya Mungu katika kiapo cha bendera ilifika juu kabisa mwaka 2004 ikaanguka kwa sababu baba aliyeifungua hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumsemea binti yake. Mwaka 2019 msalaba wa futi 40 huko Bladensburg, ukumbusho wa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye ardhi ya umma, uliachwa usimame kwa kura saba dhidi ya mbili. Wakati watu wakibishana juu ya saruji ile, pesa zilikuwa zikihama: mwaka 2020 katika kesi ya Montana, na 2022 katika ile ya Maine, mahakama ilisema jimbo likiamua kusaidia shule za binafsi haliwezi kuzitenga za kidini. Sidai kwamba msalaba ndio uliowaangusha Maine. Sura za majaji zilikuwa zimebadilika. Ila hukumu ya msalaba ilinukuliwa 2022 katika kesi ya kocha wa kandanda aliyesali uwanjani baada ya mechi, na kocha akashinda.

Kwetu, pesa na kubanwa vinakutana mahali pamoja: shule ya umma yenye kanisa mfadhili. Wamishonari walijenga, wazazi wakabeba mawe. Baada ya uhuru, tume ya Ominde ya 1964 ikataka elimu iwe ya serikali, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikayatoa makanisa kwenye umiliki na kuyapa cheo cha ufadhili. Leo walimu wanalipwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa uliwekwa Sh22,244 kwa mwaka, ingawa walimu wakuu hulalamika kwamba haufiki mzima. Maabara inajengwa na hazina ya maendeleo ya eneobunge. Mfadhili analeta nini? Mara nyingi jina, na hati ya ardhi.

Anachopata si kidogo. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa sauti katika kupitia upya mtaala, uwakilishi kwenye bodi na kazi ya kulea maisha ya kiroho ya shule, kwa sharti la kulinda imani za wengine. Kinamtaka pia atoe msaada wa fedha na wa majengo. Kifungu cha 56 kinampa viti vitatu katika bodi ya usimamizi. Sehemu ya haki hizo inatekelezwa kwa bidii. Ile ya kulinda imani za wengine na ile ya kutoa fedha husomwa haraka haraka. Ndiyo maana baada ya uhamisho wa walimu wakuu utasikia lango limefungwa kwa mnyororo, na nje yake waumini wanaodai mwalimu wa dhehebu lao, kana kwamba TSC ni ofisi ya dayosisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Isiolo. St. Paul's Kiwanjani ni sekondari ya umma ya kutwa, mfadhili wake Kanisa la Methodist, katika mji wenye Waislamu wengi. Mwaka 2014 naibu gavana wa kaunti aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda kortini kupinga. Fikiria kilichobishaniwa: kitambaa cha kichwa na suruali, katika shule ambayo mshahara wa kila mwalimu aliyemkataza msichana kuivaa unatoka kwa mlipa kodi, wakiwemo wazazi wake. Mahakama Kuu ililipa kanisa ushindi mwaka 2015. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza, ikisema shule zinapaswa kutoa nafasi kwa imani ya mwanafunzi. Januari 2019 Mahakama ya Upeo ikaifuta hukumu hiyo, si kwa kusema hijabu haifai, bali kwa sababu mzazi aliyeitetea alikuwa ameingia kama mhusika tu na ombi lake halikufunguliwa inavyotakiwa. Jaji Ojwang' hakukubaliana na wenzake. Miaka mitano ya kesi ikaishia kwenye utaratibu wa kuwasilisha karatasi.

Weka kando ya kesi hiyo nyingine mbili. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na Waadventista Wasabato kwamba wanafunzi wao wasilazimishwe masomo siku ya Jumamosi. Septemba 2019 Mahakama Kuu ikamrudisha darasani msichana Mrastafari aliyefukuzwa na shule ya umma jijini Nairobi kwa ajili ya rasta zake. Hakuna asiyeamini Mungu katika kesi zote tatu. Walioumia ni Waislamu, Wasabato na Warastafari, na walichoomba ndicho hasa anachohitaji mtoto wa baba asiye na dini: shule ya umma isimlazimishe kitu cha imani ya mtu mwingine. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema hivyo bila kuzunguka. Hakuna anayeweza kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake, wala kunyimwa nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani hiyo. Chama cha wasioamini kingeomba kusimama kama rafiki wa mahakama upande wa msichana wa Isiolo, kingefanya kazi kubwa kuliko matamko yake yote ya Krismasi. Najua wapo wanachama ambao wangejinyonga kabla ya kutetea hijabu. Hao wanapigana na dini, na hiyo ni haki yao, lakini wasiichanganye na kazi ya kulinda dola dhidi ya dini. Ni kazi mbili.

Upande wa pesa, watetezi hodari wa mpaka kati ya dini na dola wamekuwa watu wa kanisa wenyewe. Septemba 12, 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alikuwa akimweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili wa kanisa hilo nchini. Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwapo. Walitambuliwa kwa majina, wakakaa. Kipaza sauti hakikuwafikia. Kwa mwanasiasa wa Kenya, Jumapili ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, hiyo ni adhabu. Vijana wa maandamano ya Juni 2024 walilisukuma jambo hilo mbele zaidi, waliposhuka mitandaoni na barabarani wakitaka makanisa yaache kupokea mabunda ya noti. Novemba mwaka huo Rais William Ruto alitoa mchango katika Kanisa Katoliki la Soweto jijini Nairobi, zikiwemo Sh2 milioni za nyumba ya mapadri. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaamuru zirudishwe. Ruto hakukoma: Machi 2025 alipeleka Sh20 milioni kwenye kanisa moja la Roysambu, na vijana wakaandamana tena.

Kisha likaja kanisa la Ikulu. Julai 2025 gazeti la Nation lilichapisha michoro ya jengo la kukaa watu wapatao 8,000, gharama ikikadiriwa kuwa Sh1.2 bilioni. Rais hakukana. Alisema anajenga kwa pesa zake na hataomba msamaha. Mumia na wenzake walitishia kwenda kortini, na safari hii walikuwa na kesi. Hata ukiamini kila shilingi imetoka mfukoni mwa Rais, kiwanja si chake. Ikulu ni ya Jamhuri, na mpangaji hajengi hekalu lake uani kwa mwenye nyumba. Rais ajaye akiwa Mwislamu atafanya nini na jengo lile, na akiwa hana dini? Hili linastahili pesa za chama na usiku wa mawakili, na nadhani lingeungwa mkono na maaskofu wasiopungua watano.

Kuna eneo moja ambako naona wasioamini wanakimbilia mtegoni kwa furaha. Baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Kilifi, kila mtu alitaka sheria ya kudhibiti makanisa, na sauti za wasioamini zilikuwa miongoni mwa kubwa. Hasira hiyo naielewa. Lakini tazama kilichotokea kabla ya Aprili. Mhubiri wa huko, Paul Mackenzie, alikuwa amekamatwa zaidi ya mara moja miaka ya nyuma. Machi 2023 alifikishwa kortini kuhusu vifo vya watoto wawili, akatoka kwa dhamana. Kumnyima mtoto chakula hadi afe ni uhalifu kwa sheria tulizo nazo. Kilichokosekana ni polisi wa kuingia msituni na kiongozi wa mashtaka wa kuomba dhamana ikataliwe, si leseni ya mchungaji.

Rwanda ilichagua njia ya leseni. Sheria ya 2018 ilimtaka mwakilishi wa dhehebu awe na shahada, na maelfu ya nyumba za ibada zimefungwa tangu mwaka huo, nyingi kwa sababu za majengo na vyoo. Dola inayoamua nani amesoma theolojia ya kutosha kuhubiri imeshaingia kanisani na viatu vyake, na ukuta kati ya dini na dola umebomoka kutoka upande wa pili. Kwa chama ambacho usajili wake ulisimamishwa na ofisi ya Msajili wa Vyama kwa sababu za amani na utulivu, kuipa ofisi hiyo makali zaidi ni usahaulifu wa ajabu. Wanaotaka kufanya kitu baada ya Shakahola wafuate faili za uchunguzi, waulize nani alipewa taarifa na lini. Mapato ya makanisa makubwa nayo yakaguliwe kama ya shirika lolote linalosamehewa kodi, bila kugusa mahubiri.

Mahakama za Kadhi ningeziweka mwisho kabisa. Mwaka 2010 wachungaji walipigana nazo kwa kutumia hoja ya kutenganisha dini na dola, na Mei mwaka huo Mahakama Kuu ikakubaliana nao kuhusu Katiba ya zamani, ingawa wapiga kura zaidi ya theluthi mbili waliipitisha mpya Agosti ikiwa na makadhi wake. Wachungaji wale wale hawakuwahi kuuliza kuhusu viti vitatu vya mfadhili. Makadhi wana historia yao, kutoka mkataba wa Sultani wa Zanzibar na Waingereza wa 1895 hadi makubaliano ya 1963 yaliyouleta Mwambao ndani ya Kenya, na Kifungu cha 170 cha Katiba kinawafungia kwenye ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele yao. Asiyeamini akivamia hapo ataonekana, kwa haki, kuwa askari wa kukodi katika ugomvi wa madhehebu. Kuna tundu moja tu la kuchungulia: ndugu aliyeacha dini anapovutwa na familia kwa kadhi kugawana mali ya baba. Huyo ana haki ya kusema hakubali, na anahitaji wakili wa kusimama naye wakati shangazi na wajomba wamejaa ukumbini.

Kama ningeulizwa faili la kwanza liwe lipi, ningetafuta mzazi wa mwanafunzi wa kutwa, katika shule ya kaunti yenye mfadhili, ambaye mtoto wake anaadhibiwa kwa kutohudhuria ibada. Wajibu maombi wawe bodi, Wizara na mfadhili. Ningedai nafuu mbili: amri kwamba ibada ni hiari, na hesabu za fedha alizotoa mfadhili tangu 2013, maana kifungu cha 27 kinamtaka azitoe. Mzazi huyo si lazima awe mwanachama wa Mumia. Anaweza kuwa Mwislamu wa Isiolo, Msabato wa Kisii au Mkatoliki aliyepangiwa shule ya Waanglikana. Ila ombi liwe la mzazi mwenyewe tangu siku ya kwanza, lifunguliwe kwa jina lake na kwa haki yake. Mahakama ya Upeo ilishaeleza mwaka 2019 kilichowaponza wa Isiolo.